Kidole cha Tatu cha Stoo ya Ushirika

Jumatatu, 6 Aprili 2009

Mimi Mukhisa, miaka sabini na sita. Nimeishi kuliko settler, yule mzungu aliyekuwa na shamba hili, machifu wanne na daktari aliyeniambia niache chumvi. Hata treni ya abiria ya Kitale ilikufa, mimi bado natembea. Naandika mwenyewe. Nilifika darasa la pili, lakini darasa la pili la zamani.

Leo nimeonewa.

Stoo ya ushirika wetu, barabara ya Saboti, ina kufuli tatu. Ya juu ni ya Nangila, mwenyekiti. Ya chini ni ya Hiram Gathii, mweka hazina. Ya katikati ni yangu, ufunguo wake unakaa shingoni mwangu kwa kamba. Bila sisi watatu pamoja, hakuna gunia linatoka. Tulifanya hivyo kwa sababu hakuna mtu anaamini mwenzake. Ni mpango mzuri sana.

Sasa kosa langu ni nini? Mwezi uliopita nilienda matanga Chwele. Nikakaa mpaka siku ya wafiwa kunyoa nywele baada ya maziko, kama mtu mwenye heshima. Huku nyuma mvua ikanyesha. Watu wakataka mbegu. Ufunguo ulikuwa na mimi, matangani. Ati walingoja! Si mzee hungojwa?

Leo kamati imekata kauli: kufuli zitoke, mlango uwe wa stima. Gathii alisema hayo akiangalia shingo yangu. Nimemjua. Bila ufunguo mimi ni mzee tu, kama wale wanaoota jua nje ya posta. Nikasimama haraka nikasema mimi mwenyewe nitaenda kuchagua huo mlango. Wakacheka. Wakakubali, lakini Gathii aende na mimi. Anichunge, ndiyo maana yake.

Jumatano, 8 Aprili

Asubuhi Bungoma, duka la Levi. Levi anauza milango ya kadi, unagusisha kadi inafunguka. Kila mlango unataka soketi yake, kila soketi inataka ukuta uchimbwe. Gathii alipewa chai na mandazi, akasema hakuna haja ya kuangalia kwingine. Mimi nilipewa chai bila mandazi. Nikaona kasoro nyingi.

Mchana Kitale, kwa binti mmoja wa Kapsokwony anaitwa Chelangat. Yake ni waya moja tu, ile ya kompyuta. Hiyo waya inapeleka habari na stima pamoja mpaka mlangoni. Ofisini kunakaa sanduku moja linalolisha kila kitu, na betri nyuma yake stima ikipotea. Nikamwambia nimeelewa: ni kamba ya kuvuta ng'ombe, na ng'ombe anakula kupitia hiyo hiyo kamba. Alisema hajawahi kusikia ikielezwa hivyo. Wengi hawana akili ya kueleza.

Akauliza tunataka kadi au kidole. Gathii akasema kadi. Hapo ndipo kichwa changu kiliwaka. Kadi unaweza kumwachia mtu ukienda matanga. Kidole utamwachia nani? Kidole lazima kije na mwenyewe! Nikasema kidole.

Nikamvuta Chelangat kando. Je, mashine inaweza kukataa kufungua mpaka vidole vya watu watatu viwekwe, kimoja baada ya kingine? Akasema inaweza, lakini siku hizi wengi wanapenda kila mtu afungue peke yake, kompyuta iandike nani aliingia. Nikamwambia hao wengi hawajui ushirika.

Alinishauri tujaribu vidole vyetu kabla ya kununua, maana wakulima wengine wanapata shida. Nikakataa. Kidole hiki kimepiga kura tangu uhuru.

Alhamisi, 16 Aprili

Mkutano wa wanachama. Ushindi!

Gathii alieleza habari ya kadi mpaka watu wakasinzia. Mimi nikauliza swali moja tu. Mtu akiweza kufungua peke yake, je, kama huyo mtu ni Gathii? Wote wakageuka wakamwangalia Gathii. Gathii naye akauliza, je, kama ni Mukhisa? Wakageuka wakaniangalia mimi. Nangila akasema haya basi, vidole vitatu.

Wale wale waliolia kwamba wananingoja wamepiga kura waningoje kwa mashine. Nimewasalimia wote. Nikawaonyesha hii mikono: ndiyo iling'oa visiki vya Saboti nzima. Si mikono ya kugeuza karatasi kama ya mtu fulani.

Jumatatu, 27 Aprili

Chelangat ameleta mlango. Kasanduku kadogo kando ya mlango, kana taa. Ukiweka kidole taa inakuwa kijani. Nangila akaweka, kijani. Gathii akaweka, kijani, akatabasamu kama amepita mtihani.

Mimi nikaweka. Nyekundu.

Nikaosha kwa sabuni. Nyekundu. Nikapaka mafuta ya kupikia, nikasugua kwa suruali, nikajaribu kidole kimoja kimoja mpaka vikaisha. Nyekundu tu. Chelangat akanishika mkono akauangalia kwenye mwanga. Jembe limekula mistari yote, akasema. Ati kidole changu ni laini kama glasi!

Gathii alikuwa na raha isiyofichika. Akasema basi achaguliwe mwingine, mwenye vidole. Nangila akanipa mpaka jioni, kisha wakaenda kula.

Lakini Mukhisa halali. Mke wa mwanangu Mukhwana, Phelista, ana duka la kusuka nywele pale mjini. Jembe halijui. Nikamwita. Chelangat alikuwa ndani ofisini kwa kompyuta, mlango wa stoo uko nyuma ya kona, haoni. Anapaza sauti tu. Weka, ondoa, weka tena. Phelista akaweka, akaondoa, akaweka tena. Kijani! Kwa kompyuta imeandikwa Mukhisa.

Phelista aliuliza kama ataitwa kila mara stoo ikifunguliwa. Nikamwambia asijali. Kuna shida moja ndogo: kwetu baba mkwe hashiki mkono wa mkamwana, wala hawakalii benchi moja. Lakini hiyo nitapanga.

Jumamosi, 2 Mei

Siku ya kutoa mbolea ya pili. Mahindi yamefika magotini, mvua iko. Mikokoteni imejaa uwanja. Pasta ameombea mlango.

Phelista hayuko. Shangazi yake amekufa Chwele. Kidole changu kiko matangani!

Nangila akaweka chake. Gathii akaweka chake. Watu wote macho kwangu. Nikafikiri haraka. Nikasema leo ni Jumamosi, mimi siku hizi naishika Sabato, siwezi kufanya kazi. Gathii akauliza tangu lini. Nikasema tangu asubuhi. Akasema sawa mzee, basi kesho Jumapili utafungua, kwa sababu kesho kwako ni siku ya kazi.

Huyo mtu ana roho mbaya.

Jumapili, 3 Mei

Chwele. Nimeondoka alfajiri; huko mlangoni wangoje. Nimempata Phelista akipika pamoja na wanawake wengine. Nikasimama mbali, kama inavyotakiwa. Nikamweleza kwa sauti kubwa kwamba wakulima wote wanateseka. Mahindi yanageuka manjano, mbolea iko ndani. Hata kama ni matanga, mtu afikirie wengine!

Alifuta mikono kwa leso, akaangalia chini kwa heshima.

"Baba, nitakuja kesho wakishanyoa nywele. Hata wewe ulikaa mpaka wakanyoa."

Nalala hapa hapa matangani. Chakula si kibaya.

Jumatatu, 4 Mei

Pikapu moja tu ilikuwa inakuja Kitale. Mbele kuna kiti kimoja kirefu, kwa hiyo Phelista alikaa hapo na dereva. Mimi nikakaa nyuma na mbuzi. Mvua ikaninyeshea mimi na mbuzi sawasawa. Wanawake wa sokoni walidhani nimeuzwa.

Mpango wangu ulikuwa tayari. Mwavuli mkubwa! Tunasimama mlangoni chini ya mwavuli, mgongo kwa watu, Phelista ananyosha mkono, mlango unafunguka, jina ni langu. Ile shida ya kukaribiana nimeipanga: nimemweka mke wangu Agneta katikati, awe kama ukuta.

Nangila akaweka. Gathii akaweka. Tukasogea watatu chini ya mwavuli. Agneta analalamika ati anakanyagwa. Mkono wa Phelista ukapita chini ya kwapa la Agneta. Kijani! Kufuli ikalia, mlango ukaachia. Watu wakapiga makofi. Nikainua mwavuli nipokee heshima yangu.

"Jameni," Gathii akasema, "kumbe Mukhisa siku hizi anapaka kucha rangi?"

Mkono ulikuwa bado pale. Kucha tano, nyekundu kama nyanya.

Walicheka mpaka mbuzi wa pikapu wakajibu. Nangila peke yake hakucheka. Alimuuliza Phelista kama atakuwa anakuja kwa wakati. Phelista akasema duka lake si mbali, na akienda matanga atamwomba Chelangat aingize kidole cha mtu mwingine kwa muda, kumbe hilo linawezekana. Hakuna aliyekuwa ameniambia! Nangila akauliza wanachama kama wanamkubali. Mikono yote ikainuka. Mmoja ulikuwa wa Agneta.

Mbolea ilitoka yote kabla ya saa nane. Haijawahi kutokea. Ni haraka mbaya, haina heshima.

Jumanne, 5 Mei

Nimefikiria yote kwa utulivu. Sikukosea mahali popote. Mlango niliuchagua mimi, na ni mlango mzuri. Kidole nilikitafuta mimi, na ni kidole kizuri, cha boma langu. Kosa ni la kucha. Chelangat ameniambia kuna mashine nyingine inaangalia jicho. Jicho halilimi. Langu la kulia lina ukungu kidogo tu. Nitaileta kwa mkutano.

Ufunguo bado uko shingoni. Kufuli yangu walinirudishia, na mtu hatupi kufuli nzuri. Leo asubuhi nimeifunga kwa mlango wa choo chetu hapa nyumbani. Sasa anayetaka kuingia anakuja kwangu, anasalimia, anangoja.

Mtu akibisha kwamba mambo yalikuwa hivi, amuulize Agneta. Aliona yote. Yuko hapo nje sasa hivi, anagonga dirisha na kuniita majina. Atangoja kidogo, nimalize kuandika.