Damu Yangu kwa Jina la Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi

Nimekwaruzwa! Na paka wa kizimba cha mwisho, yule ambaye mlishaji anamwita Mama Mkwe kwa jinsi anavyomkagua kila anayeingia. Nilikuwa nasoma tu namba ya mlangoni. Ukucha mmoja, mkono wa kushoto, damu.

Mama Mkwe ana kirusi cha paka, kile kinachoangusha kinga ya mwili. Ndiyo sababu yuko hapa maabara: daktari anamjaribia dawa ili auelewe Ukimwi wa watu. Siku yangu ya kwanza alisema kirusi hicho hakimpati mtu. Lakini alisema pia kwamba ni binamu wa kile chetu. Binamu! Nani asiyejua binamu wanavyotembeleana?

Sijamwambia mtu. Barua ya kuthibitishwa kazini haijatoka, na karani mgonjwa hathibitishwi. Nimevaa mikono mirefu. Mlishaji aliuliza kama nasikia baridi. Kwa nini aulize?

Jumanne, 5 Machi

Mkono unawasha. Mlishaji amekula mbali nami. Eti alifuata kivuli. Haya.

Nimepata mpango. Damu za paka hupita mezani kwangu nizibandike lebo kabla ya kipimo. Nitaitoa ya Mama Mkwe, niweke yangu, kwa lebo yake. Yeye anajulikana ni mgonjwa. Kipimo kikisema kirusi kipo, hakuna atakayeshtuka, ila mimi. Nimeugeuza mpango huu kila upande. Hauna kasoro.

Jumatano, 6 Machi

Shemeji, ambaye ni muuguzi, amenitoa damu jikoni kwa dada. Nikamwambia ni ya kazini. Akauliza kama jasho langu halikuwatosha. Alipouona mkwaruzo alicheka mpaka akaukosa mshipa, kisha akamwita dada aje amwone mdogo wake kabla hajaanza kunywa maziwa kwa ulimi. Nyumba hii haina huruma.

Lebo imebandikwa.

Alhamisi, 7 Machi

Kirusi hakipo! Mimi mzima! Nusura nimkumbatie mlishaji.

Kisha daktari akatoka ameyashika majibu kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Mama Mkwe amepona. Dawa imefanya kazi. Ameshampigia mkurugenzi, na kesho wanakuja wageni. Mlishaji anatangaza kwamba siri ni ulishaji wake.

Upande huo wa mpango sikuugeuza.

Nikisema, kazi imekwenda. Nikinyamaza, daktari atasimama mbele ya wageni na damu yangu. Nimenyamaza.

Ijumaa, 8 Machi

Daktari hakuiamini furaha yake mwenyewe. Kabla wageni hawajafika aliirudia ile damu kwa hadubini. Chembe nyekundu kubwa mno kwa paka. Akatuita wote.

“Paka huyu ni mtu,” alisema. Akanitazama mimi. “Kunja mikono ya shati, mwanangu.”

Mkwaruzo umetunga usaha. Aliuosha mwenyewe, hakupaza sauti. Alisema Mama Mkwe hangenipa kirusi chake hata angenila nusu. Uchafu wa ukucha ndio ungeninyang'anya mkono, nao ungemalizwa kwa sabuni ningesema siku ileile. Kisha akawapigia wageni, kwa sauti ya mtu anayeahirisha harusi. Mama Mkwe ametolewa damu upya. Kirusi kipo.

Barua yangu imesogezwa hadi mwisho wa mwaka. Nimehamishiwa kwa sungura, nisikaribie sampuli yoyote. Mlishaji alinisindikiza akiniombea wasiniume.

Jumatatu, 11 Machi

Sungura amenipigia chafya usoni. Daktari anasema ni vumbi la nyasi kavu. Alisema hivyo akiwa mlangoni. Kwa nini mlangoni? Mwenye uhakika huingia ndani.

Kesho nitamwandalia chai humuhumu, katikati ya vizimba, ya kumwomba radhi. Akiimaliza, niko salama. Akibakiza hata tone, nitajua.

Ukutani kuna kibao kinachokataza kula na kunywa humu ndani. Nilijua tu! Nitakishusha asubuhi kabla hajafika.