Matikiti Yaliyokataliwa na Nyundo

Inatangazwa kwa watu wote wa Tabora, wenye meno na wasio na meno, ya kwamba kuanzia Jumatatu hakuna mtu atakayeruhusiwa kugonga tikiti sokoni kwa kidole chake mwenyewe. Ugongaji wote wa matikiti umechukuliwa na Serikali.

Tangazo hilo nililisoma mimi, karani wa soko, nikiwa nimesimama juu ya sanduku la sabuni. Nilikuwa nimevaa soksi. Nasema hivyo mapema ili ijulikane kwamba jambo lilifanywa kwa heshima zake zote.

Watu wenye kusahau upesi watasema kanuni ile ilikuwa ya ajabu. Mimi sisahau. Babu zetu walibeba mizigo kutoka hapa mpaka pwani kwa miguu, na uzito wa mzigo ulikuwa ukitajwa na bwana aliyebebwa kwenye machela. Kwa hiyo mtu asiyejua kuchagua tikiti kututungia kanuni ya kuchagua tikiti, hilo lilikuwa ndani ya desturi kabisa.

Chanzo chake ni hiki. Jumapili moja Bwana Shauri, ofisa wa Serikali anayetutawala hapa mjini, alikwenda sokoni mwenyewe, akachagua tikiti kwa kuangalia lipi linang'aa. Akalipasua mbele ya wageni, likawa jeupe kama muhogo. Mtu wa kawaida angesema, nimechagua vibaya. Bwana Shauri alisema soko halina utaratibu. Alikuwa amewaona wanawake wakigonga matikiti kwa vifundo vya vidole na kutega sikio, akasema huko ni kubahatisha, pengine na uchawi kidogo.

Basi akakumbuka stesheni. Pale kila gari la moshi likiingia, Mzee Lugembe hupita kando ya mabehewa na nyundo yake ya mpini mrefu, akigonga magurudumu moja moja na kusikiliza. Miaka ishirini, na hakuna gurudumu bovu lililompita. Bwana Shauri akamwazima kwa barua.

"Gurudumu zima linaliaje?" alimuuliza ofisini, nami nikiandika.

"Linalia ngee, bwana."

"Na lenye ufa?"

"Hilo husema bu."

"Vizuri. Likilia ngee, piga alama ya vema. Likisema bu, piga mkasi mwekundu, mistari miwili iliyokatana."

Lugembe alikuna kichwa. "Lakini bwana, tikiti na gurudumu—"

"Vyote viwili ni mviringo," alisema Bwana Shauri, na jambo likaisha.

Kanuni ilikuwa na vifungu tisa. Cha nne kilisema tikiti lenye mkasi halifai kuliwa na binadamu, litolewe nje ya lango la soko. Cha saba kilisema mchuuzi ambaye matikiti yake yatakataliwa siku tatu za soko atanyimwa meza, wala asilete tena mazao mjini.

Kifungu cha saba kilimwangukia Getruda.

Getruda ni mkulima wa Ntalikwa. Meza yake ya karibu na lango aliirithi kwa mama yake, na shamba lake lote ni matikiti, basi. Hachumi tikiti mpaka kikonyo kikauke na tumbo lake, pale lilipolalia udongo, ligeuke njano kama siagi. Siku ya kwanza alileta matikiti arobaini. Lugembe akagonga. Bu. Bu. Bu. Arobaini yote yakapata mkasi. Mezani kwa jirani yake, aliyechuma upesi ili awahi soko, ilikuwa ngee, ngee, ngee, utadhani misheni inaita watu kwenye misa.

"Mzee Lugembe," alisema Getruda, "wewe unakula matikiti tangu utotoni. Hili limeiva, halijaiva?"

"Limeiva, tena sana."

"Sasa mkasi wa nini?"

"Mama, mimi ni mtu wa reli. Mimi nimeajiriwa kusikiliza. Kula hakumo kwenye barua."

Askari wakayavingirisha matikiti yale nje ya lango, na nje ya lango Kanuni haikufika. Mwamvita, mwuza vitumbua, akachukua moja, akalipasua, akaonja, akaita shoga zake. Kabla ya adhuhuri yalikuwa yamekwisha yote arobaini. Siku ya pili watu hawakuingia sokoni hata kidogo. Walisimama nje ya lango na vikapu vyao wakiulizana, "Ya mkasi yametoka?" Mjini kote mtoto mdogo alijua kwamba Serikali sasa inawachagulia watu matikiti matamu, inayatia rangi, inayapeleka nje, na haidai chochote kwa kazi hiyo. Tangu niijue Serikali hii, sijaiona ikifanya kazi nzuri kuliko ile. Matikiti yenye vema yalibaki mezani yakilindwa na askari wawili.

Lakini siku mbili za Getruda zilikuwa zimekwisha.

Nilimwendea. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, karani. Umeniletea barua?"

"Bado. Nimekuja kukushauri. Alhamisi lete mabichi. Yatalia ngee, utapona."

Akaniangalia kama anaangalia tikiti lenye funza. "Nimuuzie nani mabichi? Watu hawa ndio ninaosali nao, na wasiosali na mimi ndio wanaonikaribisha maji nikipita. Niwalishe maboga mabichi ili Bwana wako afurahi? Andika barua yako, mwanangu."

Alhamisi akaleta yaliyoiva. Bu. Nikaandika barua. Ilibaki sahihi ya Bwana Shauri tu, nami nikaipeleka nyumbani kwake mchana. Getruda alinifuata nyuma, hatua kumi. Alisema kama ni kufukuzwa, anataka kusikia kwa masikio yake.

Mezani kwa Bwana Shauri alikuwapo Bwana Mkubwa wa Masoko, aliyeteremka asubuhi ile kwenye gari la Dar es Salaam. Mabruki, mpishi, alikuwa ameleta tikiti, jekundu, maji yakitiririka mpaka kwenye kitambaa. Bwana Mkubwa alikuwa kwenye kipande cha nne.

"Sijapata kula tikiti kama hili," alisema.

"Ni matunda ya utaratibu wetu," alisema Bwana Shauri.

Bwana Mkubwa akageuza ganda. "Na mkasi huu mwekundu ni wa nini?"

Bwana Shauri akamtazama Mabruki. Mabruki akatazama dari.

"Yale ya vema niliwaandalia siku ile ya kwanza, bwana," alisema Mabruki. "Memsahibu alinirudishia na sahani."

"Karani," alisema Bwana Mkubwa, "mkasi ni nini?"

Nikasoma kama nilivyoajiriwa kusoma. "Kifungu cha nne. Tikiti lililokataliwa na nyundo halifai kuliwa na binadamu."

Bwana Mkubwa akayahesabu maganda yake. "Basi ama nyundo yako haijui kitu," alimwambia mwenyeji wake, "ama mimi si binadamu. Lipi tuandike?"

Bwana Shauri alisema suala hilo linahitaji kamati, akaenda chumba cha pili kutafuta faili.

Bwana Mkubwa akauliza nani aliyelima tikiti lile. Nikamwonyesha Getruda mlangoni. Akauliza barua niliyoshika ni ya nini. Nikampa. Akaisoma mpaka mwisho, akanirudishia bila sahihi.

"Akifukuzwa huyu, nikirudi nitakula nini? Meza ni yake. Nami nataka kumi na mawili ya mkasi ya kupanda nayo garini." Akamgeukia Getruda. "Wewe unajuaje kama limeiva?"

"Naangalia tumbo, bwana, naangalia kikonyo. Kisha nagonga. Likisema bu, limeiva. Likilia ngee, bado. Ndani ni jeupe tu."

Hapo Bwana Shauri akarudi na faili mbili kifuani na kofia yake ngumu kichwani, tayari kwenda ofisini. Bwana Mkubwa akamtazama, akatazama ile kofia, akafuta mdomo taratibu.

"Simama hapo kidogo. Tunafanya ukaguzi. Mama, gonga."

"Kugonga ni marufuku, bwana."

"Nakupa ruhusa ya Serikali."

Getruda akasogea. Akainua mkono, akagonga kofia ya Bwana Shauri kwa kifundo cha kidole, mara moja, akatega sikio kama anavyotega shambani kwake. Akagonga tena, ili asimdhulumu mtu.

"Linalia ngee, bwana."

Mabruki akatoka mbio kwenda jikoni, tukasikia sufuria zikianguka.

Bwana Shauri, ambaye alikuwa akiijua Kanuni yake kwa moyo, alinyoosha mabega. "Ngee ni zima," alisema. "Karani, andika."

Nikaandika, nikapiga na alama ya vema. Nilitumia mgongo wa barua ya Getruda, maana karatasi ile haikuwa na kazi nyingine tena.