Bega la Namba Nane

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Mke wangu amekufa. Alhamisi asubuhi, hospitali, kitanda cha tatu kutoka mlangoni. Ijumaa tukazika.

Daftari hili nimepewa na shemeji, dada mkubwa wa marehemu. Eti niandike majina ya waliokuja kutoa pole, nisije nikasahau kumshukuru mtu. Nimeandika majina matano, nikachoka. Sasa naandika yangu. Shemeji hawezi kuusoma mwandiko wangu. Hakuna anayeuweza.

Mimi kibarua wa ujenzi. Nabeba saruji, mchanga, zege. Nyapara amenipa ruhusa mpaka Jumapili.

Leo wamekuja wanaume kumi na wanne. Viti ni kumi na viwili, vya kuazima kwa seremala. Wawili wakakalia ndoo. Wakanipa pole, wakakaa, wakaangalia viatu vyao. Nikasikia bomba la jirani likidondosha maji. Nikasikia saa ya ukutani. Saa yenyewe iko chumbani!

Ndipo kinyozi akakohoa. Akauliza, kwa heshima zote, kama mfiwa amepata habari za lile bega la Jumamosi.

Bega la namba nane wetu, kiungo wa timu yetu ya mpira. Alisukumwa dakika ya ishirini, akaangukia mkono, bega likachomoka. Akatolewa ameshika kiwiko kama amebeba mtoto mchanga. Na mechi na mahasimu wetu iko wiki tatu mbele. Bila namba nane sisi ni gari bila usukani.

Kinyozi akasema atakaa nje wiki sita. Nikasema wiki mbili. Wote wakanigeukia. Nikawaambia bega nalijua. La kwangu lilichomoka mwaka ule nilipoanguka na mfuko wa saruji. Wiki mbili tu, nikarudi mzigoni. Kinyozi akasema mfiwa asamehewe, ana uchungu. Fundi viatu akasema kinyozi naye anajua mabega kwa sababu nywele zinaangukia hapo. Wakacheka. Wakakumbuka wako wapi, wakashusha sauti. Halafu wakaendelea.

Wameondoka saa kumi na mbili jioni. Tangu bega litajwe, sikuisikia tena nyumba ilivyo kimya.

Jumanne, tarehe 5

Nimegundua kitu wakati napiga mswaki. Pole wameshatoa. Kinachowarudisha ni ubishi. Ubishi ukiisha, kila mtu kwake, na mimi nabaki na nyumba.

Kwa hiyo ubishi usiishe. Mpango ndio huo. Rahisi.

Leo kumi na mmoja. Na mambo nusura yaharibike asubuhi ile ile. Fundi viatu amekubali wiki mbili. Mlinzi wa ghala amekubali. Hata seremala amekubali, na seremala hakubali kitu, ukimwambia leo Jumanne anataka aone kalenda. Kinyozi akabaki peke yake na wiki zake sita, naye akaanza kulegea, eti labda nne. Balaa! Mlinzi akaanza kutafuta kofia yake.

Nikasema mfupa wa mtulinga, huu wa kati ya shingo na bega, umevunjika. Imenitoka tu.

Wakauliza nimesikia wapi. Nikasema kwa mtu anayemjua dereva wa basi la timu. Mtu gani? Mtu. Mfiwa habanwi kwa maswali. Mlinzi akaweka kofia chini.

Kinyozi akasimama, akasema kama ni mtulinga basi hata wiki sita ni ndoto. Ikabidi nitetee wiki mbili na mtulinga juu yake. Nimesema mengi. Mengine mwenyewe sikuyaelewa.

Jioni fundi viatu amerudi kutoka mjini anahema. Habari nzito! Mtulinga umevunjika vipande viwili, namba nane anapelekwa nje kwa ndege. Amesikia kwa mtu anayemjua dereva wa basi la timu. Moyo ulinidunda kweli. Nilikaa dakika nzima mpaka nikakumbuka mtu huyo nimemtunga mimi.

Jumatano, tarehe 6

Sita tu.

Kinyozi amenunua redio mpya. Ameitundika kibandani kwake, anafungulia habari za michezo mpaka barabarani. Mtu anakwenda kusikiliza bega bure, na kiti anapewa. Hila za kitoto.

Shemeji amelalamika. Amesema tangu azaliwe hajaona bega linalokunywa chai namna hii. Niwaambie watu waende makwao. Nikamwambia hao ni wafariji. Akasema wafariji wanauliza mfiwa anaendeleaje, hawa wanauliza namba nane anaendeleaje. Halafu akaweka birika chini, akaniuliza mimi naendeleaje.

Nikamwambia wiki mbili.

Sijui kwa nini nilijibu vile. Akaniangalia, akarudi jikoni.

Mchana seremala akataka viti vyake, ana mteja. Nikamwambia kuna ndugu zangu tisa wanatoka mbali, wazee, magoti mabovu, hawawezi kukaa chini. Amenivumilia mpaka Jumamosi. Sina ndugu tisa. Ninaye mmoja, na hatusemezani.

Alhamisi, tarehe 7

Leo ni wiki moja.

Asubuhi wamekuja watatu, na mmoja alikuwa amepotea njia.

Mpango mpya. Redio ina mdomo, haina bega. Mimi ninalo! Nimepeleka ujumbe kibandani: saa tisa alasiri, uani kwangu, mfiwa atainua ndoo ya mchanga juu ya kichwa kwa bega lile lile lililochomoka. Waone wenyewe bega la wiki mbili linavyopona.

Wamekuja kumi na saba! Kinyozi amefunga kibanda. Mteja wake amekuja na kichwa kimenyolewa nusu, amekaa mbele kabisa asikose kitu.

Nikajaza ndoo. Mlinzi wa ghala akaikagua, akasema mchanga ni mchanga. Nikainua mpaka kiunoni. Makofi. Mpaka kifuani. Fundi viatu akapiga mluzi. Nikaona kinyozi anameza mate. Nikasukuma juu.

Likatoka. Mlio ule ule wa mwaka ule. Mchanga wote ukammwagikia yule wa nusu kichwa.

Shemeji ametoka jikoni mikono ina povu. Akanikalisha, akashika kiwiko, akakizungusha taratibu kwa nje, kitu kikasema ko! Bega likarudi mahali pake. Kinyozi akauliza kazi hiyo kajifunzia wapi. Akajibu kwa mdogo wake, marehemu. Mdogo wake alijifunza kwa sababu bega la bwana huyu lilikuwa linatoka hata akipiga chafya.

Halafu akawageukia wote. Wiki mbili kitu gani? Miezi mitatu! Miezi mitatu bwana huyu hawezi kufunga kifungo cha shati. Mdogo wake alikuwa anafua nguo za nyumba tatu za watu, anarudi na mikono imechubuka, anamwogesha, anamlisha, anamfunga kamba za viatu asubuhi na kumfungua jioni. Viatu avivalie nini, haendi popote! Lakini alitaka avae kama mwanamume anayekwenda kazini, naye akamfunga. Siku tisini. Eti wiki mbili!

Nikasikia bomba la jirani.

Nilitaka kubisha. Nikaanza kuhesabu kichwani. Wiki mbili nazikumbuka vizuri kabisa. Kila asubuhi mke wangu alipoinama kufunga kamba nilimuuliza, bado muda gani? Akasema wiki mbili tu, mzee. Nilimuuliza mvua zilipoanza. Wiki mbili tu. Nilimuuliza mvua zilipokwisha. Wiki mbili tu, mzee, vumilia.

Sikubisha.

Hakuna aliyecheka. Kinyozi amenifunga mkono shingoni kwa kitambaa chake cha kunyolea. Kimejaa nywele. Kinawasha mno.

Ijumaa, tarehe 8

Nimekwenda zahanati. Nesi amebonyeza, nimeruka. Amesema wiki sita bila kubeba hata jagi la maji. Nikamuuliza kama anafahamiana na kinyozi. Akasema mwingine aingie.

Wamekuja wawili: fundi viatu na mlinzi wa ghala. Wameleta habari, hawakukaa. Daktari wa timu ametangaza redioni asubuhi. Mtulinga mzima. Bega limechanika kwa ndani, watalipasua. Miezi mitatu.

Basi. Ubishi umekwisha. Hakuna cha mbili, hakuna cha sita. Sote tumekosa isipokuwa marehemu; yeye alijua, na bado alisema wiki mbili.

Kinyozi hakuja kunicheka. Nilimngoja. Nilikuwa nimeandaa majibu matatu mazuri.

Jumamosi, tarehe 9

Seremala amechukua viti. Akahesabu kumi na kimoja. Akahesabu tena. Nikamwambia hivyo ndivyo alivyovileta. Akauliza ndugu zangu wazee wako wapi. Nikasema walikaa kidogo, wakarudi.

Kiti cha kumi na mbili kiko nyuma ya mlango wa chumbani, nimekifunika na gauni la mke wangu.

Shemeji ameondoka saa nane mchana. Ana watoto wake, ana mume, siwezi kumzuia. Nilijaribu kidogo. Nikamwambia bega linauma. Akasema litauma. Ameosha vikombe vyote akavipanga. Amebakiza kimoja nje, cha kwangu. Akanifunga kamba za viatu kabla ya kutoka.

Mechi ya leo, bado si ile ya mahasimu, nimeisikia kupitia dirishani, redio ya kinyozi. Tumefungwa mbili bila. Mtangazaji amesema katikati ya uwanja hakuna mtu.

Wanaume waliokuja leo: hakuna. Nimelala na viatu.

Jumapili, tarehe 10

Nimeamka na wazo. Jana mtangazaji alisema, dakika ya arobaini, kipa wetu ameinama akashika goti. Alisema mara moja tu, akapita. Wajinga wanapitwa na mambo kama hayo.

Asubuhi nikapita mbele ya kibanda kama mtu anayekwenda dukani. Nikasimama. Nikasema kwa sauti ya chini kwamba goti la kipa si zuri hata kidogo. Kuna mtu anamjua dereva wa basi. Kinyozi akaacha mkasi hewani. Nikaondoka haraka kabla hajauliza.

Saa kumi alasiri, hodi. Kinyozi peke yake, redio kwapani, imezimwa. Nikaenda nyuma ya mlango nikatoa kiti. Akakitazama. Anakijua, ni cha seremala, kimekatika kona. Akanitazama mimi. Akakalia. Mimi nikakalia ndoo.

Akaweka redio sakafuni. Akasema goti la kipa, yeye kwa maoni yake, mwezi mzima. Nikasema wiki mbili.

Akasema mimi sijajifunza kitu. Nikamuuliza nijifunze nini, na bega langu siku ya tatu tu halina hata maumivu. Nikakifungua kitambaa nikamwonyesha. Nikainua mkono mpaka sikioni. Nikauma meno, lakini kwa ndani. Akaniambia mbona natokwa jasho. Nikasema joto. Akasema leo hakuna joto. Nikasema yeye anajua nini kuhusu joto, anashinda kivulini anakata nywele za watu. Akasema kivuli chake kimesomesha watoto wanne, saruji yangu imesomesha nani. Hapo tukabishana vizuri mpaka giza likaingia. Chai nimechemsha mwenyewe, kwa mkono mmoja. Ilikuwa mbaya. Amekunywa vikombe viwili.

Aliposimama kuondoka ameuliza kama kesho tunamalizia goti hapa au kibandani kwake. Nikamwambia hapa, kiti ninacho. Lakini jioni. Mchana sitakuwepo.

Kitambaa chake nimekifua, nimekianika. Nywele hazitoki. Viatu nimeviweka mlangoni, kamba nimezifunga kabisa usiku huu, zimelegea kidogo ili asubuhi niingize mguu tu. Nesi alisema wiki sita, lakini nesi hajawahi kuliona bega langu likipona.

Kesho narudi kazini.