Kifuniko cha Kopo la Mzee Mwinjuma

Jumatatu, 14 Julai 2025

Leo Mzee Mwinjuma wa Mtunda katolewa tezi dume. Salama, alhamdulillahi. Kipande chenyewe kama ndimu kubwa. Nimekipokea mimi, mhudumu wa maabara hapa hospitali ya Kibiti. Kinakwenda Dar kupimwa saratani. Kaka yake Mzee alikufa kwa tezi hiyohiyo bila kupimwa, kwa hiyo familia nzima inasubiri jibu kwa hofu.

Familia nzima, akiwemo binti yake, Sihaba. Sitaandika mengi kuhusu Sihaba. Haidari wa masjala naye anamtaka, na Haidari ana pikipiki.

Mzee kaniita kitandani. Anataka nyama yake ikazikwe makaburini kwao, kama inavyozikwa sehemu yoyote ya mwili wa Muislamu. Bi Tanzila, mkuu wa maabara, alishamwambia asubiri majibu. Yakitoka baada ya mwezi, atarudishiwa kitakachobaki. Mzee anaona mwezi ni mwingi. Nikamwambia aniachie mimi, Jumatano itakuwa imezikwa. Akaniita mwanangu. Haidari alikuwa mlangoni, kasikia. Raha iliyoje!

Jumanne, 15 Julai

Mpango uko hivi. Ini la mbuzi, kipande cha ukubwa uleule, linazikwa Mtunda. Tezi inakwenda Dar. Mzee anatulia, Bi Tanzila anatulia, mimi nakuwa mkwe. Nani anaumia? Mbuzi tu, naye alishakufa.

Nimelitia ini kwenye kopo la fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze, sawa na kopo la tezi. Humo kila nyama hupauka. Kufika mchana hata mimi sikuona tofauti kubwa. Bi Tanzila kapita kunikumbusha mambo yake mawili: fomalini iwe mara kumi ya nyama, na jina liandikwe ubavuni mwa kopo, kamwe si kwenye kifuniko. La kwanza nimetii. La pili, hapana: ubavuni kalamu inateleza. Nimeandika kwenye vifuniko. Kimoja DAR, kingine MTUNDA. Mwandiko mzuri sana. Kisha nikafungua makopo yote mawili, nikaongeza fomalini, nikafunga.

Jumatano, 16 Julai

Kopo moja limepanda gari la Dar, jingine nimekwenda nalo Mtunda. Nimewaonya wasifungue, fomalini inachoma macho. Likazikwa zimazima, ndani ya kitambaa cheupe. Dua ndefu. Kasoma Haidari! Nani kamwalika? Ana sauti nzuri, lazima nikiri. Sihaba kalia. Nikaona aibu kidogo, maana analilia ini. Ikapita ulipoletwa wali.

Jumatatu, 21 Julai

Balaa. Dar wamepiga simu. Daktari wa huko kakata kipande, na kabla hata ya darubini kauliza kwa nini Kibiti wamemletea ini. Bi Tanzila kaniuliza kwa upole, na upole wake ndio unaotisha. Nimesema nitachunguza.

Nimechunguza. Nilipofunga makopo nilivipishanisha vifuniko: cha DAR kikakaa kwenye ini, cha MTUNDA kwenye tezi. Ini limekwenda Dar. Tezi ya Mzee iko kaburini. Jibu analolisubiri mtu wa watu liko chini ya udongo, na niliyelifukia ni mimi.

Jumatano, 23 Julai

Mpango mpya. Naenda kuzuru kaburi, jembe ndani ya gunia. Nifukue, nirudishe, asijue mtu.

Nimemkuta Mzee palepale, kakaa kwenye mkeka. Katoka hospitali jana. Sihaba anapalilia kaburi la nyama ya baba yake. Haidari kashika fyekeo, bila shaka. Uongo wote ukaniishia. Nimesema ukweli, mbele ya wote watatu.

Mzee kalitazama gunia langu lenye jembe. Halafu akauliza:

"Kwa hiyo ulitaka kunizikia mbuzi, ukakosea ukanizika mwenyewe?"

Nikajibu ndiyo, Mzee.

"Hata kudanganya hujui, Bushiri. Chimba."

Sikuitwa tena mwanangu. Nimechimba. Kopo zima, halikuvuja hata tone. Bi Tanzila kalitazama kwenye mwanga, kasema nyama imehifadhika vizuri kwa sababu ya ile mara kumi. Kaandika jina mwenyewe, ubavuni. Kisha kaniandikia barua ya onyo.

Alhamisi, 21 Agosti

Majibu! Si saratani. Tezi ilikua tu kwa uzee. Mzee kalia mbele ya watu, na mimi nimelia, sioni haya kulisema.

Kilichobaki kinarudi Mtunda kuzikwa. Mzee kaagiza akipeleke Haidari, mimi nisiliguse kopo. Sihaba kaniona kacheka. Mtu hacheki bure. Kuna kitu pale.

Nimetafakari sana. Nani alitia fomalini mara kumi? Mimi. Nani alikataza kopo lisifunguliwe? Mimi. Barua ya onyo haitaji hata moja.

Asubuhi kaletwa mzee wa Ngorongo, naye katolewa tezi. Mkewe kaniuliza taratibu kama nyama ya mumewe inaweza kuzikwa Ijumaa hii. Nimemwambia aniachie mimi. Ini nimeshanunua. Ubavuni kalamu bado inateleza, kwa hiyo nimeandika kwenye vifuniko.