Kiini cha Mfupa

Mbwa wa Winfrida alikuwa na afya kuliko watoto wake, na hilo Hosea aliliona kabla hata hajapiga hodi. Siku hiyo alikuwa anapita mtaa wa Ibighi mjini Tukuyu akiuza dawa ya mende, kazi ambayo yeye mwenyewe aliiona iko chini ya hadhi yake. Uani mbwa ameukumbatia mfupa wa goti la ng'ombe, manyoya yanang'aa. Barazani wamekaa watoto watatu wenye shingo nyembamba, kila mmoja na juisi yake ya pakiti. Mama yao, mke wa mwenye duka la mabati, alimweleza mgeni kwa fahari kwamba nyumbani kwake hayaliwi makongoro, hiyo miguu ya ng'ombe.

"Ile ni supu ya walevi wa asubuhi," alisema.

Hosea akairudisha dawa ya mende mfukoni. Mtu anayempa mbwa chakula na kuwanunulia wanawe maji ya sukari hana haja ya dawa ya mende. Ana haja ya kupunguziwa pesa kwa upole.

"Na Kiini cha Mfupa je, dada? Mmeshaanza kutumia?"

"Ndiyo nini hicho?"

"Huko Dar kila familia inayojielewa inakitumia. Kikombe asubuhi, kikombe jioni, mezani, kwa kila mtu. Kinasaidia magoti, ngozi, usingizi, hata hesabu za watoto shuleni. Samahani, sikujua huku hakijafika."

Ile samahani ndiyo iliyommaliza Winfrida. Angevumilia kuambiwa ana deni, angevumilia hata kuambiwa amezeeka, lakini si kwamba kuna kitu hakijamfikia.

Wiki iliyofuata Hosea alikuwa na koti jeupe, lebo alizochapisha stendi, na mpishi. Mpishi mwenyewe ni Bibi Elina wa Kawetele, mjane aliyebaki na wajukuu wanne, jiko la kuni na sufuria ambazo watu huja kuziazima wakati wa misiba. Makongoro yalitoka buchani kwa Jotham. Elina aliyapika kama alivyofundishwa na mama yake, moto mdogo mchana kutwa mpaka mfupa utoe kila ulichonacho. Baridi ya Tukuyu ikamalizia kazi, na kulipokucha kila chupa ilikuwa imeganda inavyotakiwa.

Kufikia saa tatu asubuhi Winfrida na majirani zake walionunua walikuwa wamezirudisha zote.

"Imeoza hii," alisema, akitikisa chupa isiyotikisika. "Ona, imekuwa gundi."

Muungwana angewaeleza kwamba kuganda ndio ushahidi kuwa supu ina kitu ndani. Hosea aliomba radhi mpaka akainama, kisha akapanda bodaboda hadi Kawetele.

"Bibi, michemsho mitatu ya kwanza ya mifupa ileile haina soko. Tuanzie wa nne. Tia chumvi na kitunguu, basi."

"Baba, wa nne ni maji."

"Ndio unaowafaa watu wale. Hiyo mitatu ya kwanza chukua wewe, iwe mshahara wako."

"Ndaga," alijibu Elina, kwa Kinyakyusa chao, na ile asante ilitoka moyoni kabisa.

Tangu siku hiyo wajukuu wake wakanywa mchemsho wa kwanza, wa pili na wa tatu, pamoja na ndizi, asubuhi na jioni. Mwezi haukuisha mashavu yao yakajaa. Ibighi nako wakanywa maji ya chumvi na kuyasifia. Winfrida aliapa kwamba magoti yake yamekuwa ya msichana, na akawashawishi akina mama wa kwaya nao wajiandikishe. Hosea mwenyewe hakuwahi kuonja wala kuchungulia sufuria, maana moshi ungechafua koti.

Ubaya wa sifa ni kwamba zinatembea. Zikamfikia Monica, msimamizi wa jiko kwenye kambi moja ya wachuma chai, aliyekuwa anatafuta mtu wa kuwaletea wafanyakazi mia mbili supu kila asubuhi, msimu mzima. Akamwita Hosea, akasikiliza habari za Dar mpaka zikaisha.

"Mimi nimekulia jikoni, kaka," alisema. "Keshokutwa niletee chupa iliyolala nje. Nitaipindua. Ikimwagika, usirudi tena hapa."

Kwa mara ya kwanza maishani Hosea akahitaji kitu cha kweli. Alimpa Jotham simu yake, mali pekee aliyokuwa nayo kwa kuwa pesa za Ibighi alizitumia kadiri zilivyoingia, akapewa gunia la makongoro mazuri. Akalibwaga mbele ya jiko la Elina.

"Huu mchemsho wa kwanza ni wangu wote. Asionje mtu. Ni wa Monica, jikoni kwa wachuma chai, atapindua chupa aone kama imeganda. Nikiupata huo mkataba mimi na Ibighi basi."

"Na mimi na wajukuu tutakunywa nini?"

"Si kuna wa nne?"

Elina akachochea kuni.

Siku ya miadi Hosea alikuta kreti ya chupa mlangoni, zimefunikwa vizuri kwa majani ya mgomba. Elina hakuwepo. Hosea hakujisumbua kufunua, alipanda bodaboda na kreti yake, akifanya mazoezi ya hotuba njia nzima. Alimkuta bibi kambini, ameketi karibu na jiko la Monica na sufuria yenye kifuniko.

Monica akachukua chupa, akaipindua. Maji yakamwagika juu ya viatu vya Hosea, na kipande cha kitunguu kikabaki kwenye kamba ya kiatu.

Elina akafunua sufuria yake, akainyanyua kwa mikono miwili, akaigeuza chini juu mbele ya wapishi wote. Akaitikisa. Halikudondoka hata tone.

"Hiyo ni mifupa yangu," alisema Hosea. "Nimeitolea simu. Huyu bibi ni mpishi wangu, ameniibia."

"Ni mpishi wako tangu lini?" Monica akamuuliza.

"Miezi miwili sasa."

"Kama bibi anapika hivi," Monica aliuliza taratibu, "watu wa Ibighi miezi yote hiyo umewauzia nini?"

Hosea akainama kufuta viatu.

Kazi akaipata Elina. Hosea alibaki kwenye ngazi za jiko, viatu vimelowa, hana simu wala nauli, baridi inamtetemesha. Bibi akamhurumia, akamletea kikombe cha moto.

"Huu ni mchemsho wa ngapi?" aliuliza Hosea.

"Wa nne, baba. Si ulisema ndio unaowafaa watu?"

Akaunywa wote.