Mawakala Wenye Adabu Kupita Kiasi

Jumatatu, 12 Mei

Aibu ya mwaka! Matroni Boatemaa ameifunika kompyuta yangu kwa shuka, mpaka juu, kama maiti. Kisha akanawa mikono.

Nakiri, alikuwa na sababu kidogo. Mfumo wangu wa kuwashauri madaktari una mawakala watano, yaani programu tano ndogo, kila moja na kazi yake. Maabara husoma majibu ya damu. Dalili husikiliza mgonjwa analalamikia nini. Dawa huchagua dawa, Kipimo hupanga kiasi, na Mzio hukagua dawa gani inamdhuru nani. Wote wana akili nyingi. Ila wote huongea kwa mpigo. Leo bibi mmoja mwenye kikohozi alipewa maonyo mia moja na tatu kwa dakika mbili. Huyu anasema aongezewe maji, yule anasema anyimwe maji. Kengele zililia mpaka bibi akaamka akauliza nani anaolewa.

Mkurugenzi, Daktari Adu-Sarkodee, ametupa mpaka Ijumaa. Mimi na Esi Quansah. Atakayewafanya mawakala waelewane ndiye Mkuu wa Mifumo, mfumo wake ndio utakaobaki wodini, na atapewa ile ofisi yenye kiyoyozi. Esi ni Mfante, mtu wa pwani huko Cape Coast, ana mdomo, na amejiunga nasi juzi tu. Mimi nina miaka sita hapa Kumasi nikitoka jasho. Kiyoyozi ni changu!

Jumanne, 13 Mei

Nimepata! Nimepata! Nimeruka mpaka nikagonga kichwa kwenye kabati.

Asubuhi Mjomba Agyapong alinituma kwa chifu wetu nipeleke salamu za familia. Nikatazama jinsi watu walivyoketi. Hakuna anayemrukia chifu na maneno. Unamwambia okyeame, msemaji wake mwenye fimbo, naye ndiye anayeyafikisha, yakiwa yamepigwa pasi. Wazee husema kwanza, vijana husubiri. Watu themanini barazani, na hakuna hata kengele moja!

Basi mawakala wangu watakuwa baraza. Nimeunda wakala wa sita, nimempa jina Okyeame. Kila neno litapitia kwake. Wengine wataketi kwa umri, kwa tarehe waliyoundwa. Maabara ndiye mzee, wa mwaka 2021. Mdogo kuliko wote ni Mzio, aliyeundwa mwezi uliopita. Aliundwa na Esi. Ni bahati mbaya tu kwamba atakaa mlangoni na hatasema mpaka aulizwe. Mimi sina kinyongo na mtu.

Nimemsikia Esi akimweleza Matroni mpango wake. Eti yeyote anayeona hatari apige kelele kwanza, heshima baadaye. Kelele! Ndivyo walivyolelewa huko pwani.

Jumatano, 14 Mei

Jaribio la kwanza. Kimya kitakatifu! Nilitaka kulia kwa raha.

Baada ya dakika kumi na tisa kimya bado kilikuwepo, nikaanza kutoka jasho. Nikafungua kumbukumbu za mazungumzo yao. Kumbe niliwafundisha vizuri mno. Mgeni akifika kwetu hupewa maji kwanza, ndipo aulizwe amekuja kwa lipi. Basi Okyeame alikuwa akimpa kila wakala maji ya kompyuta, faili tupu, na kusubiri anywe. Kipimo hakuwa na pa kuyaweka. Baraza zima likasimama likimngoja Kipimo anywe maji.

Nikaondoa maji. Likazuka jingine. Kwetu ukitendewa wema leo, kesho unarudi kushukuru tena. Dawa alimshukuru Maabara kwa majibu ya jana. Maabara akamshukuru Dawa kwa kuja kushukuru. Dawa naye angeondokaje bila kushukuru? Walishukuriana mara elfu kumi na nne kabla ya chakula cha mchana. Mtambo ulipata joto mpaka fundi wa umeme akaja mbio, na Esi akapita na kenkey yake, donge la unga wa mahindi, akauliza kama tunauza kifungua kinywa cha kukaanga.

Nimekata shukrani. Lakini nimewaachia salamu. Mtu asiye na salamu ni mnyama.

Alhamisi, 15 Mei

Baraza linakwenda kama saa! Salamu, mzee asema, anayefuata asema, Okyeame atangaza. Dakika nne tu. Nimekula fufu, ule ugali wetu wa kutwanga, mabakuli mawili kujipongeza.

Esi alikuja kwenye meza yangu. Akaniita kaka mkubwa, nikajua anataka kitu. Akaniuliza, je, Mzio akiona hatari na zamu yake haijafika? Nikamwambia atainua mkono. Na asipopewa nafasi? Nikamwambia mtoto aliyelelewa vizuri husubiri. Akanitazama hivi, akasema, "Kaka mkubwa, ugonjwa haujalelewa na mama yako." Akaenda zake.

Wivu mtupu. Wivu umemkaa usoni kama unga. Nimekwenda kwenye ile ofisi kupima upana wa dirisha kwa ajili ya pazia. Kiyoyozi kinatoa baridi tamu!

Nakiri kuna kitambo kidogo nilifikiria kumwinua Mzio kiti kimoja. Lakini angekaa juu ya Kipimo, na Kipimo ni wa mwaka jana. Watu wangesema nini?

Ijumaa, 16 Mei

Sitaki kuandika ya leo. Naandika hivyo hivyo.

Wodi nzima ilijaa. Mkurugenzi hakutaka mgonjwa wa kubuni. Akapanda kitandani mwenyewe na koti lake, akasema ana koo na homa kidogo, tutumie faili lake lililomo mtamboni. Kicheko. Mimi nikacheka kuliko wote.

Mfumo wangu ukaanza. Salamu. Matroni akatikisa kichwa kwa kuridhika, nilimwona! Maabara akasema, Dalili akasema, Dawa akasema. Halafu Okyeame akatangaza kwa maandishi ya dhahabu: sindano ya penisilini. Nikainama kupokea makofi.

Makofi hayakuja. Matroni alikuwa anasoma skrini mara ya pili. Akamgeukia Mkurugenzi. "Daktari, wewe si ndiye uliyevimba midomo ile siku ya penisilini, mpaka tukakuwekea mashine ya hewa?"

Mkurugenzi akajishika koo. Rangi ilimtoka. Hakuna aliyeshika sindano, lilikuwa jaribio tu, lakini alishuka kitandani kama kinaungua. Akataka kujua kama mfumo haukuwa na habari hiyo. Nikafungua kumbukumbu. Mungu wangu! Mzio alikuwa ameinua mkono mara mia mbili na kumi na mbili. Kila mara Okyeame alimjibu: Tumekuona, mwanetu, kaa.

"Yaani programu ilijua?" akauliza Mkurugenzi.

Nikasema ilijua.

"Ilijua nakufa, ikanyamaza kwa heshima?"

Nikasema, kwa heshima kubwa sana, Daktari.

Matroni akasema hata kwao, nyumbani kwa mama yake mzazi, mtoto akiona moto hangoji wazee wamalize kula. Kisha zamu ya Esi. Sekunde saba. Kengele moja tu, na neno moja jekundu: PENISILINI HAPANA. Makofi yalitikisa vioo. Mimi pia nilipiga. Moyo uliniuma vibaya, sifichi. Dakika moja nzima nilimfikiria yule bibi wa kikohozi.

Jumamosi, 17 Mei

Nimekwenda kwenye msiba wa jirani yetu na nguo nyeusi. Nilikuwa na huzuni kuliko wafiwa. Habari zilikuwa zimeshafika. Binamu zangu wote, kila nilipotaka kusema kitu, waliinua kiganja: tumekuona, mwanetu, kaa. Mjomba Agyapong alicheka mpaka akakohoa mbele ya jeneza.

Jumatatu, 19 Mei

Esi ndiye Mkuu. Kaniita ofisini kwake. Nilisimama chini ya kiyoyozi, nikasikia baridi isiyo yangu. Nilitegemea kufukuzwa. Lakini amesema salamu na zamu zangu zimepunguza kelele kweli, atazitumia. Nina kazi moja tu: Mzio aweze kumkatiza yeyote, wakati wowote. Ni mstari mmoja, kaka mkubwa, akasema. Nipe kabla ya saa sita.

Mstari mmoja! Huyu msichana haelewi kabisa tulipokosea. Tatizo halikuwa adabu. Tatizo ni kwamba Mzio hakuwa na cheo! Mtoto hawezi kuwakatiza wazee, lakini malkia mama, yule mama mkuu wa ukoo wa kifalme, anaweza kumkatiza hata chifu. Kwa hiyo nimeacha ule mstari na kuanza kuandika sherehe ya kumtawaza. Kila mgonjwa akifika, Mzio anawekwa kwenye kigoda cha enzi, wakala mmoja mmoja anakula kiapo mbele yake, ngoma zinapigwa, na hapo ndipo anapata haki ya kupiga kelele wakati wowote anaotaka.

Nimeipima mara mbili. Dakika arobaini tu. Mgonjwa gani atashindwa kusubiri?