Sifa Lazima Aliwe

Jumatatu, 3 Machi
Nimemaliza kitabu! Hadithi ya kuku anaitwa Sifa, ile marehemu mke wangu Peres alikuwa anaambia msichana wetu Joyline akienda kulala. Sasa Joyline ana mimba. Huyo mtoto hataona nyanyake. Basi aone jina yake juu ya kitabu. Picha nimechora mimi, penseli ya fundi, karatasi ya simiti, ile upande safi. Kitavi, tunabeba mawe naye hapa Muthangari, anasema kuku yangu inakaa kama wilbaro, ile toroli ya mawe. Wivu.

Jumatano, 5 Machi
Nimepeleka Kilimani, kwa ofisi ya vitabu. Askari wa geti akauliza kama ni mimi fundi wa choo. Nikasema ndio. Ujanja! Ikabidi nitengeneze choo. Haijapona. Bahasha nikaachia mama anaitwa Cate, ndiye anachagua vitabu. Alishika na vidole mbili.

Jumanne, 11 Machi
Cate ameandika kwa simu ya Joyline. Hadithi tamu. Wilbaro ni nzuri sana, lakini mbona ina macho? (Kitavi asijue hii.) Halafu, mbona mwisho Sifa anapikwa? Kui, mtoto wake, alilia mpaka akakataa chakula.

Mbona anapikwa? Si wageni wamekuja! Kwetu Kakamega kupea mgeni sukuma, mboga tupu, ni matusi. Sifa amefukuza mwizi, ameamsha watoto waende shule, sasa anapewa heshima ya mwisho. Ndio raha ya hadithi! Firigisi nimechorea peji yake.

Joyline akaniuliza, baba, unataka kitabu ama unataka mchuzi? Nikajibu Cate: sawa, Sifa aishi. Wageni wakule dadake.

Amekataa.

Ijumaa, 14 Machi
Mpango! Nimepelekea Cate kuku mzima, kienyeji. Akionja, ataelewa. Lakini Kui alikuwa hapo ofisi. Akakumbatia kuku. Akamwita Sifa. Akamvalisha skafu. Nikamwambia, mami, huyo ni wa supu. Mayowe! Askari akanitoa nje. Akaniuliza pia kuhusu choo.

Nimerudi bila kitabu, bila kuku. Mjinga ni mimi.

Jumatatu, 17 Machi
Cate ameandika tena. Kuku anaishi kwa balkoni yao. Ametaga. Kui anasema wageni wa hadithi wakule mayai.

Mayai! Nilitaka kukasirika. Halafu nikakumbuka Peres. Wageni wakikuja, kuku yake ya mayai alikuwa anaficha chini ya kitanda. Mimi nilidhani ni uchoyo.

Nimekubali. Watachapisha. Jina ya Peres juu, kubwa. Picha watapea mchoraji mwingine, wilbaro tu ndio inabaki. Joyline amelia. Mimi ilikuwa simiti kwa macho.

Jumamosi, 22 Machi
Nimeanza kitabu ya pili. Mbuzi mpole, anaitwa Baraka. Anasindikiza watoto shule, analala nao, wanampenda kama ndugu. Halafu Krismasi inafika.

Kitavi ameangalia picha ya Baraka, akauliza hiyo ngazi ni ya saiti gani. Wivu tu.